Kipimo cha Salamu Maria

Siku waliponiaga kazini walinipa vitenge viwili, saa ya ukutani na hotuba ndefu iliyonisifu hata kwa mambo ambayo sikuyafanya. Baadaye yule binti aliyekirithi chumba changu cha mazoezi akaniomba niwaandikie, yeye na wenzake, yale ya kazi ambayo hayamo vitabuni. Nikakubali. Vyeo na mshahara sitaviandika, maana havitawasaidia, na hata mimi sikuona vikinisaidia sana. Nitaandika jinsi tulivyoanza kuwatembeza wagonjwa wa moyo hapa Bukoba na kule Muleba, na nitaandika habari za Ta Ezra, yaani Mzee Ezra, wa Izigo, ambaye alizidiwa akifanya zoezi nililompa mimi, akafa. Hotuba ile haikumtaja.

Nilifika kazini na cheti kipya cha fiziotherapia na viatu vilivyonibana. Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, kwa hiyo mchana kutwa tulinusa maharage ya wagonjwa. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vya kushikilia anayejifunza kutembea upya, kapi ya kamba yenye mfuko wa mchanga, kitanda cha mbao, na baiskeli ya mazoezi isiyo na pedeli ya kushoto. Mwenyeji wangu alikuwa Ta Kamugisha, mzee wa Kashozi aliyejifunza kazi hii kwa kuifanya tu. Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alininyooshea mkono akasema, "Shika mapigo, unitajie." Nikataja. Akatoka, akapanda ngazi za wodi ya juu mara mbili, akarudi anahema. "Na sasa?" Tuliendelea hivyo mpaka saa ya chai. Nilidhani mzee ana wazimu kidogo.

"Umeme ukikatika mashine inakufa," aliniambia. "Vidole vyako utakwenda navyo popote."

Enzi hizo wagonjwa wa moyo hawakuletwa kwetu. Sisi tulikuwa na wa kiharusi, wa mifupa, watoto wenye miguu iliyopinda. Wa moyo walirudishwa nyumbani na agizo moja: apumzike, asifanye kazi. Na watu wetu ukiwaambia mgonjwa apumzike, watampumzisha kwelikweli. Baba aliyezoea kuamka alfajiri na kuingia kibanjani, kwenye migomba na kahawa yake, anakalishwa sebuleni. Analetewa ndizi, analetewa maji ya kunawa, wageni wanakuja kumtazama na kutikisa vichwa. Ikipita miezi sita miguu imebaki mabua, na akisimama tu anahema kuliko siku ile aliyougua. Mimi mwenyewe niliwakalisha wengi namna hiyo. Nilimkalisha hata mjomba wangu wa Kaagya, na hakuinuka tena kwenye kile kiti.

Kisha akarudi daktari mmoja kutoka masomoni, akatuita mimi na Ta Kamugisha, akasema wagonjwa wa moyo waliotulia na dawa wanapaswa kufanya mazoezi. Watembee, wapande ngazi, wainue vitu vyepesi, kidogokidogo, wakiongezewa kila wiki. Moyo ni msuli, akasema, na msuli usiotumika unalegea. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Ta Kamugisha hakucheka. Alikwenda kuomba rangi nyeupe kwa mafundi, akapiga alama kwenye korido ndefu ya hospitali, kila hatua kadhaa mstari mmoja. Mgonjwa alitembea dakika sita, sisi tukahesabu mistari na kuandika kwenye kadi. Wiki nne baadaye alirudia. Mtu wa kwanza alipoongeza mistari kumi na tano, niliacha kucheka.

Sasa nieleweni vizuri kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Mgonjwa wa moyo akitembea, lazima ujue amefika wapi. Akitembea polepole mno hapati faida, akizidisha anajiumiza. Mapigo ya mkononi yanadanganya, kwa sababu dawa nyingi wanazomeza zinayazuia yasipande. Moyo unaweza kuwa umezidiwa na vidole vyako vikasema salama. Kinachosema kweli ni pumzi. Daktari alitupa kanuni rahisi: anayefanya mazoezi aweze kuongea, asiweze kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha.

Kanuni nzuri, ila haikuwajua Wahaya. Mkiwa nao koridoni wataongea nawe, lakini sisi tulitaka watembee kwao, kila siku. Mwambie mtu wa Kaagya atembee barabarani asubuhi hana jembe, hana kikapu, haendi msibani wala sokoni, halafu aongee peke yake. Kabla jua halijapanda, shemeji zake watakuwa wamekaa kikao.

Aliyetuokoa ni Ma Geofrida wa Kashozi, mjane mwenye moyo uliopanuka na ulimi usiochoka. Hakujua kusoma saa. Nilipomweleza habari ya kuongea akitembea alinitazama kwa huruma, akatoa rozari kwenye gauni. "Mwanangu, mimi sijawahi kutembea kimya," akasema. Akaenda koridoni akisali kwa sauti, nami nikafuata nikisikiliza. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria aliitoa kwa pumzi moja bila shida. Alipoongeza mwendo alikata katikati kuvuta hewa. Alipoongeza tena alikata mara mbili. Nikasimama pale koridoni nikaona kipimo kimejileta chenyewe. Pumzi moja, endelea. Ukikata mara moja, punguza mwendo. Ukikata mara mbili, simama ukae. Tena makumi matano ya rozari yalichukua dakika ishirini hivi, ambazo ndizo tulizozitaka. Mgonjwa hakuhitaji saa wala mashine, na barabarani hakuna aliyemshangaa, maana mama anayesali njiani kwetu ni jambo la kila siku.

Ta Kamugisha, Mkatoliki kuliko mimi, alisikiliza nilivyomsimulia, akakuna kidevu. "Na asiye wetu je?"

"Tutaona akija," nikamjibu. Nilikuwa na haraka ya kuwafundisha wengine.

Ma Geofrida alifika mahali pa kupanda mwenyewe kwa miguu hadi kanisani, akasimama mlangoni akingoja watu wamwone. Wengine wakafuata. Wagonjwa wetu karibu wote walitoka Kashozi na vijiji vya jirani, wote wa rozari, na kipimo kile kikawatosha. Wageni wa hospitali walipokuja niliwaonyesha, wakaandika kwenye madaftari yao na kunipiga picha. Nilivimba kichwa, nasema wazi. Ta Kamugisha alistaafu, akafariki, nikabaki peke yangu na kipimo changu, na hapakuwa tena na mtu wa kukuna kidevu mbele yangu.

Baadaye nikapangiwa Muleba kila Alhamisi, kwenye kituo cha afya kimoja karibu na Izigo, ili wagonjwa wa kule wasipoteze siku nzima kuja mjini. Nilikuwa na wagonjwa sita. Nilifika asubuhi, nikawapima presha, nikawauliza usingizi na uvimbe wa miguu, kisha tukatoka kutembea kwenye njia ya vumbi iliyopita katikati ya vibanja. Mmoja wao aliongoza rozari, wengine wakaitikia, mimi nikawa nyuma. Tukirudi walikaa, wakanywa maji, ndipo nikashika mapigo. Mkisoma hapo mtaona kosa. Niliwapima kabla na baada, lakini pale njiani, moyo ulipokuwa kazini, nilitegemea masikio peke yake.

Ta Ezra alikuja wa sita. Alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, mpole, aliyepata shambulio la moyo akiwa juu ya ngazi anakata mkungu. Mke wake Ma Naomi alimkataza kibanja, watoto wakamkataza, akakaa kwenye kiti miezi minne. Nilipomuuliza anataka nini kwenye mazoezi hakusema afya wala maisha marefu. "Nataka kupogoa migomba yangu mwenyewe," akasema. "Hawa vijana wa vibarua wanakata kama wanachinja." Nikacheka, nikampenda pale pale. Nikajaza kadi yake: jina, kijiji, umri, dini, dawa. Nikamweleza njia, mwendo na kipimo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeelewa, waitu," kwa lile neno letu la heshima.

Alhamisi ya kwanza wenzake walipoanza kusali, alivua kofia akaishika mkononi. Alitembea hivyo njia nzima, kichwa wazi, mdomo umefungwa. Niliona mtu mwenye ibada, anayesali moyoni. Niliwahi hata kuwaambia wenzake wamuige heshima yake. Yeye akatabasamu kidogo, akaangalia chini. Kila wiki nilimuuliza, "Ta Ezra, pumzi vipi?" Kila wiki akajibu, "Ni marungi, waitu," yaani ni nzuri. Nikaandika kwenye kadi: vizuri. Mnajua wazee wetu. Ukimuuliza Mhaya aliyelelewa vizuri hali yake mbele za watu, atakwambia ni nzuri hata kama amebebwa kwenye machela. Nilijua hilo tangu tumboni mwa mama yangu, nami nikaendelea kumuuliza mbele za watu.

Wiki ya saba wote walikuwa wanaitoa Salamu Maria kwa pumzi moja kwenye tambarare, nikaamua tupande mlima. Ni kilima tu, ninyi vijana mtakipanda mkichati kwenye simu. Tulipanda wiki ya saba, ya nane, ya tisa. Katika wiki hizo Ta Ezra alianza kusimama njiani kuangalia kahawa za watu. Alishika tawi, akageuza jani, akasema hii ina ugonjwa, hii haijapunguzwa matawi. Kisha akatufikia. Nilimtania, "Ta Ezra, umekuwa bwana shamba wa bure?" Wote tukacheka, naye akacheka. Wenzangu, mgonjwa wa moyo anayesimama kila akipanda, hata kama anasimama kuangalia kitu kizuri, anasimama kwa sababu kifua kinambana. Nilisoma hayo chuoni na niliwafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Siku hizo nilikuwa nasikiliza rozari, na rozari ilikuwa inakwenda vizuri.

Wiki ya kumi tulikuwa kwenye kumi la tatu la rozari, karibu na juu. Ta Ezra alisimama kwenye kahawa tena. Nikampita. Nilikuwa nimezoea atufikie. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini kwenye nyasi za ukingo, kofia mkononi, jasho linamtiririka na midomo imebadilika rangi. Nilikimbia. Nikamuuliza kifua kinauma tangu lini. Akajaribu kunijibu, hakuweza kumaliza neno. Nilimpa kidonge chake cha chini ya ulimi, tukamuegemeza, kijana wa bodaboda akaenda kutafuta gari. Mapigo niliyashika njia nzima mpaka hospitali, kwa vidole vile vile alivyonifundisha Ta Kamugisha. Alifariki siku ya pili mchana, Ma Naomi akiwa ameshika miguu yake.

Nilikwenda kuzika. Nilijua kosa langu pale, mbele ya kaburi kati ya migomba, kabla mtu yeyote hajaniambia neno. Aliyekuwa amesimama na kitabu mkononi alikuwa mchungaji, si padri. Watu wote waliimba nyimbo ambazo mimi sizijui. Wale wagonjwa wangu watano walisimama pembeni na rozari zao mfukoni, wakinitazama. Wiki kumi nimemtembeza Mlutheri kwa kipimo cha Salamu Maria, na yeye wiki kumi amevua kofia kwa heshima ya sala ya wenzake na kutembea bila kipimo chochote.

Jumatatu nikaitoa kadi yake kwenye kabati. Kwenye mstari wa dini imeandikwa Mlutheri. Mwandiko ni wangu, herufi nzurinzuri.

Niwaambie nilichofanya, maana hapo ndipo ninapojutia zaidi. Sikumwambia mtu. Kwenye taarifa niliandika mgonjwa alizidiwa akiwa mazoezini, jambo ambalo ni kweli na halisemi kitu. Kisha nikaogopa. Nikafuta kikundi cha Izigo, nikawaambia wale watano wafanye mazoezi ya kukaa kwenye kiti, wainue mikono, wapumue. Bukoba pia nikapunguza mpaka kukabaki korido tu. Wakuu wakaona nimekuwa mwangalifu. Wagonjwa watatu kati ya wale watano walirudi kuwa watu wa sebuleni, ninawafahamu kwa majina, na mmoja wao alinililia niwarudishie Alhamisi yao. Nilimwambia ni utaratibu mpya. Utaratibu ulikuwa woga wangu. Kosa halikuwa kutembea. Kilichotakiwa kubadilika kilikuwa kitu kidogo sana, nami badala ya kukibadilisha niliwakalisha watu wazima chini kama nilivyomkalisha mjomba wangu, safari hii nikijua ninachofanya.

Miaka ikapita hivyo, nikastaafu. Mwezi wa kwanza wa kukaa nyumbani sikupata raha. Nikapanda gari nikaenda Izigo kwa Ma Naomi.

Nilimkuta anaanika maharage uani. Alinipokea kama mgeni wa heshima, akatandika mkeka, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Aliulizia wanangu, akaniambia nimekonda, akasema kustaafu hakufai. Nikakiweka kisahani chini. Nikamwambia, "Ma Naomi, nimekuja kukuambia jambo la Ta Ezra." Nikamweleza yote bila kukwepa: kipimo, rozari, kofia, kadi yenye mwandiko wangu, kahawa za watu alizosimama kuziangalia. Nilimweleza kwamba wenzake walikuwa na kitu cha kuwaambia wasimame, na yeye sikumpa.

Alivuta ungo, akaanza kuchambua maharage yaliyokuwamo.

"Alijua," akasema. "Alhamisi ya kwanza aliporudi alinieleza. Wenzangu wanapimwa kwa rozari, akasema, mimi nitajipima mwenyewe. Nikamwambia mwambie yule mama. Akasema atawakatizaje watu wanaosali? Tena akasema wewe unafurahi sana ukiwasikia, na akikuambia mbele ya wagonjwa wako utaona aibu."

"Na pumzi hakukuambia?"

"Wiki za mwisho alikuwa akifika hapo mlangoni anakaa kwanza, ndipo anavua viatu. Nikasema acha kwenda. Akasema nikiacha, watanirudisha kwenye kiti." Akasukuma ungo pembeni. "Sasa nikuulize, Ma Adela. Angekuambia, ungempa nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelijibu kichwani mara nyingi mno. "Kuhesabu," nikasema. "Ningemwambia atembee akihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na tano kwa pumzi moja. Akishindwa kufika, apunguze mwendo. Akishindwa kufika kumi, akae chini."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa lugha yoyote."

Akageuka akatazama kibanjani. Akaanza kuhesabu kwa Kihaya, polepole, mikono mapajani: emo, ibili, ishatu. Alifika ikumi, akaendelea, akamaliza zote kumi na tano kwa pumzi moja.

"Ilikuwa ni hii tu?" akauliza.

"Ilikuwa ni hiyo tu, Ma."

Siku ya mazishi hakulia, alisimama kimya mpaka watu wakamsifia. Sasa alivuta upindo wa kitenge chake akajifunika uso, akalia kwa sauti pale kwenye mkeka.